Louis Pasteur na Fumbo la Mikono Miwili ya Uhai

Utangulizi

Jina la Louis Pasteur si geni kwa yeyote aliyewahi kununua pakiti ya maziwa dukani. Mbinu ya kupasha maziwa joto ili kuua viini huitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa yeye mwenyewe aliibuni kwa ajili ya mvinyo. Wanafunzi humkumbuka kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, nao madaktari wa mifugo humkumbuka kwa vita vyake dhidi ya kimeta. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya kuvisaka viini vya maradhi, Pasteur alikuwa mwanakemia wa fuwele. Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa, alioufanya akiwa na umri wa miaka 25, ulihusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo mno, nalo ni tofauti ya kulia na kushoto.

Msomaji akitaka kulielewa jambo hilo, na atazame viganja vyake. Vyote viwili vina vidole vitano, vina urefu mmoja na vimepangwa kwa utaratibu mmoja. Lakini kiganja cha kulia hakiwezi kulazwa juu ya cha kushoto, vyote vikielekea upande mmoja, vikalingana. Kimoja ni sura ya kingine kama ionekanavyo kwenye kioo. Makubadhi nayo ni vivyo hivyo: avaaye la kulia mguuni mwa kushoto hukosa raha njia nzima. Molekuli nyingi zinazojenga miili ya viumbe zina hali hiyo ya mikono miwili. Miongoni mwazo ni asidi amino, yaani matofali yanayojengea protini. Isipokuwa glisini, ambayo ni sahili mno kiasi cha kutokuwa na upande, kila moja ya asidi amino 20 za kawaida yaweza kuwapo katika umbo la kushoto au umbo la kulia. Cha kustaajabisha ni kwamba seli za viumbe vyote, kuanzia bakteria hadi binadamu, hujenga protini zake kwa umbo la kushoto. Umbo la kulia, hata hivyo, halikuachwa bila kazi. Maisha ya Pasteur ndiyo mlango wa kuingilia katika fumbo hilo.

Malezi na Masomo

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba mwaka wa 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa, na akalelewa katika mji mdogo wa Arbois. Babake, Jean-Joseph, alikuwa mtengenezaji wa ngozi aliyewahi kuwa askari katika jeshi la Napoleon. Hakuwa mtu wa kisomo kikubwa, lakini alitamani mwanawe awe mwalimu. Shuleni, Louis hakuwa mwanafunzi wa kutajwatajwa. Kipawa chake kilichojitokeza mapema kilikuwa cha uchoraji. Kwa chaki za rangi alichora sura za wazazi wake na za majirani, na baadhi ya picha hizo zimehifadhiwa hadi sasa. Aidha, alijaribu uchapaji wa picha kwa jiwe, ambapo mchoro ulioandikwa juu ya jiwe hugeuka upande unapochapwa karatasini. Wapo wataalamu wa historia ya kemia waliopendekeza kwamba mazoea hayo ndiyo yaliyolinoa jicho lake, likaweza baadaye kuona walichokipita wakubwa wake.

Mwaka wa 1838 alipelekwa Paris kusoma. Upweke ulimwelemea, akatamani nyumbani hata akaugua, na babake akalazimika kwenda kumchukua. Alirudi vitabuni karibu na kwao, katika mji wa Besançon. Alipofanya mtihani wa shahada ya awali ya sayansi mwaka wa 1842, alama yake ya kemia ilielezwa kuwa ya wastani tu. Mwaka huohuo alikubaliwa katika chuo cha École Normale Supérieure cha Paris, lakini nafasi aliyoipata katika orodha haikumridhisha. Akaikataa, akajifunga kibwebwe mwaka mzima, na mwaka wa 1843 akaingia akiwa miongoni mwa watano wa kwanza. Huko ndiko kulikomkutanisha na Antoine Jérôme Balard, aliyegundua elementi ya bromini, ambaye alimweka katika maabara yake kuwa msaidizi.

Fuwele za Mwaka wa 1848

Wakati huo wanakemia wa Ulaya walikuwa wakisumbuliwa na kitendawili kimoja. Ndani ya mapipa ya mvinyo hujikusanya mashapo ambayo hutolewa humo asidi tatariki. Mzee Jean-Baptiste Biot alikuwa amegundua tangu mwaka wa 1815 kwamba vimiminika kadhaa vinavyotokana na viumbe vina tabia ya kugeuza nuru. Nuru ikichujwa ili itikisike katika bapa moja tu, kisha ikapitishwa katika vimiminika hivyo, bapa hilo hupinda kuelekea kulia au kushoto. Asidi tatariki ya zabibu huigeuza nuru kulia. Lakini katika kiwanda kimoja cha mji wa Thann kulipatikana asidi nyingine, iliyoitwa paratatariki au rasemiki, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kichala cha zabibu. Asidi hiyo ilikuwa na elementi zilezile, kwa kiasi kilekile, lakini haikuigeuza nuru hata kidogo. Mwaka wa 1844 mwanakemia Mjerumani Eilhard Mitscherlich alitangaza kwamba chumvi za sodiamu na amonia za asidi hizo mbili zilifanana kwa kila hali, fuwele kwa fuwele, ila kwa tabia hiyo ya nuru tu.

Pasteur hakuweza kuikubali kauli hiyo. Ikiwa vitu viwili vinafanana kwa kila hali, vipi vitofautiane mbele ya nuru? Mwaka wa 1848, huku Paris ikitikiswa na mapinduzi na yeye mwenyewe akiwa amejiandikisha katika jeshi la ulinzi la raia, aliketi na kuzikagua fuwele upya. Aliona kwamba fuwele za chumvi ya asidi tatariki zilikuwa na nyuso ndogo za pembeni zilizoinama upande mmoja tu. Alitarajia kwamba zile za paratatariki hazingekuwa na nyuso za namna hiyo. Haikuwa hivyo. Nyuso zilikuwapo, ila katika fuwele nyingine zilielekea kulia na katika nyingine zilielekea kushoto. Asidi iliyodhaniwa kuwa moja ilikuwa mchanganyiko wa mapacha wawili wa kiooni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa subira, Pasteur alizitenga fuwele hizo moja baada ya nyingine, za kulia huku na za kushoto kule. Alipoziyeyusha kando kando majini, kundi moja liligeuza nuru kulia na la pili likaigeuza kushoto kwa kiasi kilekile. Alipoyachanganya yote mawili sawa kwa sawa, nuru haikugeuka. Bahati nayo ilichangia, kwani chumvi hiyo ni miongoni mwa chache zinazojitenga zenyewe namna hiyo, na hufanya hivyo katika hali ya joto isiyozidi takriban nyuzi 27. Laiti maabara ile ingekuwa katika nchi ya joto kali, huenda jambo hilo lingempita.

Biot, aliyekuwa na umri wa miaka 74, hakuamini kwa kusikia. Alimwita kijana huyo, akampa asidi yake mwenyewe aliyoijua kuwa safi, akamtaka arudie kazi yote mbele ya macho yake. Fuwele zilipokuwa tayari, Pasteur alizitenga, naye Biot akatengeneza mmumunyo kwa mikono yake na kuupima. Alipoiona nuru ikigeuka kushoto, mzee huyo alimshika kijana mkono kwa furaha kubwa. Tangu siku hiyo akawa mlezi wake katika taaluma. Furaha hiyo ilichanganyika na simanzi, kwa maana mwaka huohuo Pasteur alifiwa na mamake.

Mpaka Kati ya Uhai na Ufu

Mwanzoni mwa mwaka wa 1849 Pasteur alikwenda kufundisha Strasbourg, na mwezi wa Mei akamwoa Marie Laurent, bintiye mkuu wa taasisi ya elimu ya mji huo. Marie alikuwa mke na katibu, akinakili maandishi ya mumewe na kusikiliza mawazo yake hadi usiku.

Kilichomshughulisha Pasteur sasa kilikuwa kikubwa kuliko fuwele. Aliona kwamba vitu vilivyotengenezwa maabara kutokana na vitu visivyo hai havigeuzi nuru, ilhali sukari, asidi tatariki na vitu vingine vingi vitokavyo katika mimea na wanyama huigeuza. Je, hapa si ndipo ulipo mpaka kati ya uhai na ufu? Alipopata habari kwamba mwanakemia aitwaye Dessaignes ametengeneza asidi aspatiki, ambayo ni mojawapo ya asidi amino, kutokana na vitu visivyogeuza nuru, Pasteur alifunga safari hadi mji wa Vendôme kuomba sampuli. Alipoipima aliona kwamba kweli haikuigeuza nuru, tofauti na asidi aspatiki itokayo katika mimea. Hivyo, asidi amino ziliingia katika hoja yake mapema, na mpaka aliouwaza ukaonekana kusimama imara.

Mwaka wa 1852 alizunguka Leipzig, Vienna na Prague akiitafuta asili ya asidi rasemiki. Mwaka uliofuata aliipata kwa njia nyingine: alipoipasha asidi tatariki joto kali ikiwa imeungana na kemikali nyingine, sehemu yake iligeuka ikawa rasemiki. Kwa maneno mengine, joto liliweza kuwageuza wa kulia kuwa wa kushoto hadi wakachanganyika. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya faranga 1,500, na mwaka wa 1856 Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza ikamtunuku nishani ya Rumford.

Kati ya mwaka wa 1857 na 1860 aligundua jambo lililoibadilisha njia yake. Kuvu ya jamii ya Penicillium, ikioteshwa katika mmumunyo wa asidi rasemiki, hula umbo la kulia na kuliacha la kushoto. Kiumbe kidogo kisichokuwa na macho kilikuwa kikiteua upande, kazi ambayo Pasteur aliifanya kwa jicho na subira. Kutoka hapo hatua ilikuwa fupi kuelekea uchachu na viini. Ikiwa bidhaa za uchachu hugeuza nuru, basi lazima uchachu uwe kazi ya viumbe hai.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1860 alieleza mawazo hayo katika mihadhara miwili mbele ya Jumuiya ya Kemia ya Paris. Aliamini kwamba ulimwengu wenyewe una mwelekeo wa upande mmoja, na kwamba nguvu fulani za maumbile ndizo zinazouachia uhai alama hiyo. Alijaribu kuthibitisha. Akiwa Strasbourg alitumia sumaku zenye nguvu katika utengenezaji wa fuwele. Akiwa Lille alibuni mitambo ya saa ya kuzungusha mimea, na vioo vya kugeuza mwendo wa miale ya jua, ili mmea ukue kana kwamba jua lachomoza magharibi. Majaribio hayo yote hayakuzaa matunda. Hakupata kuumba uhai wa upande wa pili, wala hakupata nguvu aliyoitafuta. Hata hivyo hakuliacha wazo hilo. Mnamo Desemba mwaka wa 1883, akiwa tayari mtu mashuhuri duniani, alilirejelea mbele ya jumuiya ileile.

Viini, Misiba na Sifa

Miaka iliyofuata ndiyo iliyolitangaza jina lake. Mwaka wa 1862 aliingizwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, baada ya majaribio ya chupa zenye shingo ndefu zilizopinda yaliyoonyesha kwamba viini havizuki tu pasipo mzazi. Aliwaokoa watengenezaji wa mvinyo kwa kuwafundisha kuupasha joto, na kuanzia mwaka wa 1865 akatumwa kusini kuchunguza maradhi yaliyowaangamiza viwavi wa hariri.

Nyumbani kwake hali ilikuwa nyingine. Kati ya watoto wake watano, watatu walifariki wangali wadogo. Jeanne alifariki mwaka wa 1859 na Cécile mwaka wa 1866, wote kwa homa ya matumbo. Katikati yao alifariki Camille, mwaka wa 1865, akiwa na umri wa miaka miwili. Mwaka huohuo wa 1865 alimzika pia babake. Mtu aliyeutumia uhai wake kuonyesha jinsi viini vinavyofanya kazi hakuwa na dawa ya kuwaokoa wanawe. Tarehe 19 Oktoba mwaka wa 1868, akiwa na umri wa miaka 45, alipatwa na kiharusi kilichoupoozesha upande wake wa kushoto. Kazi zake zilizosifiwa zaidi, zikiwemo chanjo, alizifanya baada ya hapo, akikokota mguu na akitegemea mikono ya wasaidizi.

Mnamo Mei na Juni mwaka wa 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, alijaribu chanjo ya kimeta hadharani. Kondoo 24 waliochanjwa walikuwa hai siku ya kutazamwa, ilhali wenzao ambao hawakuchanjwa walikuwa wamekufa au wakikata roho. Tarehe 6 Julai mwaka wa 1885 mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, alianza kudungwa chanjo iliyokuwa bado haijazoeleka kwa binadamu. Alipona. Michango ilimiminika kutoka pembe nyingi za dunia, na tarehe 14 Novemba mwaka wa 1888 Taasisi ya Pasteur ikafunguliwa jijini Paris.

Sifa hizo hazipaswi kufunika upande wa pili wa kioo. Daftari zake za maabara, alizozificha maisha yake yote, zilikabidhiwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na mjukuu wake mwaka wa 1964. Mwanahistoria Gerald Geison alizichambua na mwaka wa 1995 akaonyesha kwamba chanjo iliyotumika Pouilly-le-Fort iliandaliwa kwa kemikali, kwa njia ya msaidizi wake Chamberland, huku umma ukiachwa uamini kwamba ilikuwa njia ya Pasteur mwenyewe ya kuvidhoofisha viini kwa hewa. Njia hiyo ya kemikali ilikaribiana na ile ya mshindani wake, Toussaint, ambaye hakupewa heshima aliyostahili. Geison alieleza pia kwamba Auguste Laurent, aliyefanya kazi katika maabara ya Balard, alimfundisha Pasteur mengi kuhusu fuwele kabla ya mwaka wa 1848, lakini baadaye mwanafunzi huyo alilipunguza deni hilo. Pasteur alikuwa hodari, tena mwenye wivu juu ya jina lake.

Asparagini Tamu

Mnamo mwaka wa 1886, Mwitaliano Arnaldo Piutti alitenga kutoka katika machipukizi ya mmea wa jamii ya kunde aina mbili za asparagini, ambayo ni asidi amino. Ile ya kawaida haikuwa na ladha. Pacha wake wa kiooni alikuwa mtamu. Taarifa hiyo ilipofikishwa katika Chuo cha Sayansi, Pasteur, aliyewahi kuichunguza asparagini miaka 35 kabla, alitoa maelezo yaliyoonyesha kwamba jicho lake la ujana halikuwa limefifia. Alipendekeza kwamba kile kinachopokea ladha katika neva za ulimi lazima nacho kiwe na upande, ndiyo maana huupokea mkono mmoja kwa namna tofauti na mwingine. Wazo hilo, kwamba mwili huvisalimu vitu kwa mkono maalumu, limekuwa mojawapo ya misingi ya elimu ya dawa.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba mwaka wa 1895 huko Villeneuve-l'Étang, karibu na Paris. Mwaka uliofuata mwili wake ulihamishiwa katika kaburi lililochimbwa chini ya taasisi yake.

Umbo la Kulia Baada ya Pasteur

Tayari mwaka wa 1874 van 't Hoff na Le Bel, kila mmoja kivyake, walikuwa wameeleza chanzo cha mikono hiyo miwili: atomi ya kaboni hushika vitu vinne katika pembe nne za umbo lenye mapande matatu-matatu, na vinne hivyo vikitofautiana, mpangilio wake huwa wa namna mbili. Ikumbukwe kwamba majina ya kushoto na kulia wanayopewa asidi amino leo hutokana na mpangilio huo, wala si upande unaogeuzwa nuru.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba umbo la kulia la asidi amino halina nafasi katika uhai. Imani hiyo ilianza kutikisika mwaka wa 1935, Hans Krebs alipogundua ndani ya figo za wanyama kimeng'enya kinachoteketeza asidi amino za kulia. Lakini kama hazimo mwilini, mlinzi huyo aliwekwa kumngoja nani? Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1937, wanasayansi wa Hungaria Ivánovics na Bruckner walionyesha kwamba bakteria ya kimeta hujivika koti lililofumwa kwa asidi glutamiki ya kulia. Adui aliyepigana na Pasteur Pouilly-le-Fort alikuwa amevaa joho la mkono uleule ambao haukutarajiwa katika uhai. Koti hilo huisaidia bakteria kuwakwepa walinzi wa mwili, ambao silaha zao zimezoea kukata protini za kushoto. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, Max Sterne wa Onderstepoort, Afrika Kusini, alitengeneza chanjo kwa bakteria ya kimeta isiyokuwa na koti hilo, na chanjo ya mifugo itokanayo na kazi yake imetumika duniani kote. Ugonjwa wenyewe haujatokomea. Mwaka wa 2015 uliwaua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru.

Baadaye ilibainika kwamba karibu bakteria zote hutumia alanini na asidi glutamiki za kulia katika kuta za seli zake. Ukuta uliofungwa kwa vishikizo vya mkono usiozoeleka hauvunjwi kirahisi na vimeng'enya vya kawaida. Penisilini hufanya kazi kwa kujifananisha na alanini mbili za kulia zilizo mwishoni mwa kishikizo hicho. Bakteria hudanganyika, ukuta haufungiki, nayo hupasuka. Nayo penisilini hutoka katika kuvu ya jamii ileile iliyomfundisha Pasteur kwamba viumbe huteua upande.

Wanyama nao wamo. Mwaka wa 1981 ilielezwa kwamba ngozi ya chura mmoja wa Amerika Kusini ina kemikali ya kutuliza maumivu iitwayo demofini, yenye nguvu kuliko mofini, na ndani yake mna alanini ya kulia. Jeni za chura huyo huagiza alanini ya kushoto, kisha kimeng'enya huigeuza. Mwaka wa 1992 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Hashimoto, walipata serini ya kulia kwa wingi katika bongo za mamalia, na mwaka wa 1999 kikatambuliwa kimeng'enya kinachoitengeneza humo humo. Serini hiyo husaidia kufungua milango ya mawasiliano baina ya seli za neva, milango inayohusika na kujifunza na kukumbuka. Mwanafunzi anayekariri ngeli za nomino, basi, anategemea kwa kiasi fulani molekuli ya mkono wa kulia. Hatimaye fumbo la kimeng'enya cha Krebs likaanza kufumbuka, kwani mlinzi alikuwa akiwadhibiti wenyeji, si wageni.

Wakati nao hufanya kile alichokifanya Pasteur kwa joto. Katika sehemu za mwili ambazo protini zake hazifanywi upya, kama vile meno na lenzi ya jicho, asidi aspatiki ya kushoto hugeuka polepole kuwa ya kulia. Kwa kupima uwiano huo katika jino, wataalamu huweza kukadiria umri wa mtu.

Hitimisho

Swali kuu la Pasteur, kwamba ni kitu gani kilichouchagulia uhai mkono wake, bado halijapata jibu la mwisho. Mwaka wa 1957 majaribio ya fizikia yalithibitisha kwamba mojawapo ya nguvu za maumbile kweli hubagua kulia na kushoto. Katika kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka wa 1969, zimepatikana asidi amino ambazo baadhi yake zina ziada ya umbo la kushoto. Iwapo mambo hayo yanahusiana na mwanzo wa uhai, wanasayansi hawajaafikiana. Lililo wazi ni kwamba mpaka alioupiga Pasteur ulikuwa wa kweli kwa jumla, na kwamba uhai wenyewe umeuvuka kila ulipohitaji silaha, ngao au mjumbe.

Ndoto yake ya kuumba uhai wa upande wa pili, aliyoijaribu kwa sumaku na mitambo ya saa, imerudi katika karne hii kwa sura ya kuogofya. Desemba mwaka wa 2024 wanasayansi 38 walitoa tahadhari katika jarida la Science wakisema kwamba bakteria iliyoundwa yote kwa molekuli za kiooni, ikipata kutengenezwa, ingeweza kuwakwepa walinzi wa miili ya watu, wanyama na mimea, na kwamba isitengenezwe. Koti la kimeta limekwisha kuonyesha, kwa kiasi kidogo, maana ya tahadhari hiyo. Juni mwaka wa 2025 wataalamu walikutana Paris kulijadili suala hilo. Mkutano wao ulifanyika katika Taasisi ya Pasteur, mahali alipozikwa mtu aliyekuwa wa kwanza kuitenga mikono hiyo miwili na kuuliza kwa nini uhai uliuchagua mmoja.